Jordan na LeBron wakutane, sawa. Lakini kwa sheria za nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua. Ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, kwa sababu mambo mengi yanayoniudhi gazetini hupita kabla kahawa haijapoa. Hili halikupita. Jumamosi iliyopita mwandishi wenu wa michezo aliwakutanisha wakali wa mpira wa kikapu wa zama mbalimbali katika michezo ya kufikirika, mmoja kwa mmoja, wa kwanza kufika pointi 21 ndiye mshindi. LeBron James akamfunga Michael Jordan 21 kwa 17. Shaquille O'Neal akamnyuka Wilt Chamberlain 21 kwa 12. Hakeem Olajuwon akatolewa na Nikola Jokić. Bill Russell hakupewa hata mchezo mmoja. Akaandikiwa mstari tu, kwamba zama zake hazilinganishiki na hizi.

Hapo ndipo kahawa iliponipalia.

Nisieleweke vibaya, sipingi michezo ya kufikirika. Kijiwe chetu hapa Ngamiani, Tanga, kinaishi kwa michezo hiyo. Coastal Union iliyochukua ubingwa wa 1988 tumeshaichezesha na Simba na Yanga za leo mara zisizo na idadi, na haijapoteza hata moja, kwa kuwa refa ni muuza kahawa, naye ni Coastal damu. Kwa hiyo kupendelea nakujua na sikukatazi. Ninachodai ni kwamba muuza kahawa wetu, pamoja na dhambi zake zote, kabla ya kuanza mechi husema kwanza: golikipa anaruhusiwa kudaka pasi ya beki wake au haruhusiwi? Mwandishi wenu hakusema lolote. Alitupa mpira juu, akaanza kuhesabu.

Mimi nilikuwa mtu wa meza. Miaka 29 nilikaa kwenye meza ya mpira wa kikapu, mashindano ya shule, ya idara na ya mkoa, nikishika stopuwachi au nikijaza karatasi ya alama. Sikuwahi kuwa mchezaji wa maana. Nilicheza msimu mmoja, nikavunjika kidole, kocha akaniambia kwa upole kwamba mwandiko wangu ni mzuri kuliko mitupo yangu. Ndivyo nilivyoingia mezani, na huko nikajifunza jambo ambalo mchezaji hana haja ya kulijua: karatasi ya alama haiandiki kilichotokea uwanjani. Inaandika kile ambacho sheria za siku hiyo zimekuagiza uandike.

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati lenye madaftari ya meza tangu 1978. Mke wangu analiita kaburi. Mwaka jana mjukuu wangu wa kidato cha tatu alilifungua akakuta mchezo wa 1981, na jina la jamaa mmoja wa bandarini aliyetumia mkono wa kushoto. Nikamsimulia jinsi alivyokuwa akirusha kutoka mbali mno, mpaka kocha wake anamtukana mpira ukiwa hewani, kisha unaingia na kocha anageuka kukohoa. Karatasi inasema alifunga pointi 26. Mjukuu akaniuliza, "Babu, hizo za mbali zilikuwa ngapi?" Nikatazama. Kila mtupo nimeuandika 2. Nisingeweza kuandika vingine, maana mstari wa pointi tatu, ule ambao mtupo wa nyuma yake huandikwa 3, FIBA, shirikisho la dunia la kikapu, iliuweka kwenye sheria zake mwaka 1984, na kwenye kiwanja chetu cha saruji uliingia miaka mitatu baadaye. Tuliuchora kwa chokaa na kamba ya mita 6.25 iliyoshikwa na mwenzangu chini ya ringi. Mvua ya kwanza ya vuli ikaufuta. Huyo mtu wa bandarini, kwa kumbukumbu yangu, siku ile angekuwa na zaidi ya pointi 30, lakini kumbukumbu ya mzee si karatasi ya alama, na mjukuu alikataa kuiandika. Nilimsifu kwa hilo.

Sasa mpeleke mtu huyo Marekani umpe jina kubwa, uone yanavyokuwa yale yale. NBA, ligi kuu ya huko, iliingiza mstari wa pointi tatu msimu wa 1979-80. Mwanzoni walimu wa mpira waliuona kama sarakasi; kila timu ilijaribu chini ya mitupo mitatu ya aina hiyo kwa mchezo. Siku hizi timu inajaribu zaidi ya 35. Mtu aliyekulia kwenye mchezo wa kwanza hakuwa mvivu wa kulenga. Kocha wake ndiye alimfundisha kwamba kusimama huko mbali ni utovu wa adabu.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo, nalo ni mitupo iliyozuiwa. Mwandishi wenu alimsifu Hakeem kuwa ndiye aliyezuia mitupo mingi kuliko wote katika NBA, 3,830. Nambari hiyo ni sahihi. Wa pili ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, Mungu amrehemu, aliyefariki Septemba 2024, mwenye 3,289. Wa tatu ni Kareem Abdul-Jabbar, 3,189. Kijana wangu, wakati mwingine ukiona wa pili na wa tatu wameachana kwa 100 kamili, simama kidogo uulize saa ilianza kuhesabu lini. NBA ilianza kuandika mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973-74. Kareem alianza kucheza 1969. Misimu yake minne ya kwanza, akiwa na miguu ya ujana, hakuna karani aliyeambiwa aiandike. Msimu wa 1975-76, ulipokuwa unahesabiwa, alizuia 338. Mpe 200 tu kwa kila msimu uliopotea, uone anavyompita Mutombo na kumpita Hakeem pia.

Nasema haya nikiumia, kwa sababu Hakeem ni wangu. Mtoto wa Lagos aliyekuwa anacheza mpira wa mikono na kudaka golini, akaenda Houston na kuwafundisha Wamarekani kucheza kwa miguu. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani, akafunga, akacheza, na mwisho wa mwezi akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Msikiti mzima hapa mtaani ulijua, hata wale wasiojua kikapu kina matundu mangapi. Ningetamani kiti chake cha juu kiwe hakina ubishi. Kina ubishi.

Na kabla ya Kareem alikuwepo Wilt, na kabla ya Wilt alikuwepo Russell, ambao wote wawili walistaafu karani akiwa bado hajaagizwa. Kwenye kitabu, Bill Russell hana mtupo hata mmoja aliouzuia. Sifuri! Mtu aliyeishi kwa kazi hiyo. Tena hakuupiga mpira ukaenda kwa watazamaji ili ashangiliwe, aliugusa tu ukabaki uwanjani, mwenzake akaudaka na kuanza kukimbia nao. Ubingwa 11 katika misimu 13, na ule wa mara mbili za mwisho akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Huyo ndiye aliyekosa nafasi kwenye ukurasa wenu kwa kuwa pointi zake ni chache.

Waliokuwa naye uwanjani walimhesabu kwa namna yao. Chukueni msimu wa 1961-62. Wilt alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Oscar Robertson alimaliza msimu huo huo akiwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi (mitupo iliyokosa akaidaka) 12.5 na asisti (pasi za kufungisha) 11.4. Elgin Baylor alikuwa anatumikia jeshi la akiba, akicheza akipata ruhusa tu, akaweka wastani wa 38.3 katika michezo 48. Wakati ule tuzo ya mchezaji bora ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe. Walimpa nani? Russell. Watu waliotoka na alama za viwiko vyake mbavuni waliyaona yote hayo, wakaandika jina lake.

Najua jibu la mwandishi wenu, maana mjukuu wangu naye analo: "Babu, zilikuwa timu tisa tu." Kweli, msimu ule zilikuwa tisa, leo ni 30. Lakini timu tisa maana yake ni kwamba humkimbii mtu. Russell na Wilt walikutana zaidi ya mara 140, ukijumlisha na michezo ya mtoano. Senta wa leo, yule mrefu wa chini ya goli, anaweza kumwona Jokić mara tatu nne kwa msimu na siku moja kati ya hizo amepumzishwa.

Kuhusu Wilt sasa. Nina haki ya kumzungumzia, kwa sababu picha yake maarufu kuliko zote ni picha ya kazi yetu. Tarehe 2 Machi 1962, mji wa Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks, timu yake ya Philadelphia ikashinda 169 kwa 147. Karatasi anayoishika pichani, iliyoandikwa 100 kwa mkono, iliandikwa na Harvey Pollack, mtu wa takwimu wa Philadelphia. Mwenzetu wa meza! Watazamaji 4,124, hakuna filamu ya mchezo, na dunia nzima inaamini kwa sababu ya karani. Nikiwa na huzuni huwa naikumbuka picha hiyo.

Ila karani mwaminifu anaandika na makosa. Senta wa kawaida wa New York hakucheza usiku ule, na aliyewekwa badala yake alitolewa kwa faulo nyingi. Mwishoni Philadelphia walikuwa wanafanya faulo kwa makusudi ili warudishiwe mpira wampe Wilt, na New York wanawafanyia faulo wengine ili usimfikie. Mitupo huru aliyopata ni 28 kati ya 32, yeye ambaye maisha yake yote mitupo huru ilimtesa. Mwaka ule alikuwa anairusha kwa chini, kwa mikono miwili, kama mtu anayemwaga maji ya beseni. Ikawa inaingia. Baadaye akaiacha namna hiyo kwa kuona haya. Na kitu kingine: chumba cha chini ya goli, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, kilikuwa na upana wa futi 12. Mwanzoni kilikuwa futi 6, kikapanuliwa 1951 kwa ajili ya George Mikan aliyekuwa akisimama humo kama mwenye nyumba. Mwaka 1964 kikapanuliwa tena hadi futi 16, na sababu ni Wilt.

Kwa hiyo mnaponiambia Shaq amemfunga Wilt 21 kwa 12, nauliza: katika chumba cha nani? Ukimpa Shaq futi 12, Mungu atunusuru, hakuna atakayemtoa, kwa sababu mgongo wake ukishagusa kifua chako tayari uko chini ya ringi. Ukiwapa wote futi 16, Wilt aliyekuwa mwanariadha wa kuruka juu chuoni ana nafasi ya kupumua. Na filimbi je? Zamani bega likishuka kwenye kifua cha mlinzi lilikuwa faulo ya mshambuliaji. Mbele ya refa wa 1962 Shaq angekuwa amekaa benchi kabla sijamaliza kuchonga penseli, na Wilt, katika maisha yake yote ya NBA, hakutolewa hata mara moja kwa faulo.

Madrasa tulifundishwa kwamba ukiletewa habari usimwulize tu msemaji kasema nini. Uliza kaipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani. Nami michezo hii naifuata kwa silsila. Walioishi zama mbili wapo, na walikutana kweli, mbele ya meza, saa ikitembea.

Russell alicheza na Wilt. Wilt, akiwa na miaka 35, alikutana na Kareem aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza 25, fainali ya kanda ya Magharibi ya 1972. Kareem alifunga pointi nyingi kuliko yeye, lakini Lakers ya Wilt ikashinda michezo 4 kwa 2 na kwenda kuchukua ubingwa. Kareem huyo huyo, miaka 39, akakutana na Hakeem wa miaka 23 kwenye fainali ya kanda ya 1986, Houston ikashinda 4 kwa 1. Hakeem, miaka 32, akakutana na Shaq wa miaka 23 fainali ya 1995. Ile nimeiona kwa macho, kanda ya video niliyoletewa na shemeji yangu kutoka Mombasa, nimeichezesha mpaka utepe ukaanza kuonyesha mvua. Houston 4, Orlando 0. Wastani wa Hakeem 32.8, wa Shaq 28.0. Miaka minne mbele Shaq akalipa kisasi, Lakers ikaitoa Houston raundi ya kwanza 3 kwa 1, mzee wetu akiwa na miaka 36. Shaq akacheza na LeBron. LeBron amecheza na Victor Wembanyama, yule Mfaransa mwembamba mwenye baba wa asili ya Kongo. Kutoka Russell wa 1956 hadi mtoto aliyezaliwa 2004 ni majina saba tu, na kila mmoja amemgusa mwenzake kwa kiwiko.

Sasa tafuta uone jambo gani linapatikana humo. Wilt wa miaka 35, goti likiwa limeshapasuliwa, alisimama na Kareem aliye kileleni. Kareem wa miaka 38 na 39, msimu wa 1985-86, bado alikuwa anafunga wastani wa pointi 23.4 katikati ya kina Hakeem. Hakeem wa miaka 32 alimtawala Shaq kijana. Katika silsila yote hiyo siuoni ule ukuta ambao mwandishi wenu anasema uko kati ya zama na zama. Naona wazee wanaochoka na vijana wanaokua, kama ilivyo bandarini na shambani. Nakubali kwamba silsila ina tundu: Wilt wa 1972 hakuwa mfungaji tena, alikuwa mlinzi na mtu wa ribaundi, na alikuwa na wenzake wazuri. Lakini tundu hilo ni dogo kuliko lile la kumpa mtu 21 kwa 12 kutoka hewani.

Jordan na LeBron nitawapita haraka, maana wamechosha. Jordan alicheza mchezo wake wa mwisho Aprili 2003, LeBron wa kwanza Oktoba 2003. Miezi sita! Aliyewaunganisha ni Kobe Bryant, ambaye Machi 28 mwaka huo alimfungia Jordan wa miaka 40 pointi 55, Jordan akajibu kwa 23. Mmoja kwa mmoja hadi 21, jibu langu linategemea sheria moja ndogo ambayo kila mtoto wa kiwanja cha saruji anaijua: aliyefunga anaendelea na mpira, au mpira unakwenda kwa mwenzake? Kama aliyefunga anaendelea, nampa Jordan, kwa kuwa akishaanza hutauona tena huo mpira. Kama unabadilishana, nampa LeBron kwa uzito wake. Mwandishi wenu hakusema wanachezaje.

Kijiweni ubishi mkubwa ni mwingine kabisa: Chicago Bulls ya 1995-96, iliyoshinda 72 na kupoteza 10, dhidi ya Golden State Warriors ya 2015-16, iliyoshinda 73 na kupoteza 9 kisha ikaangushwa fainali na Cleveland ikiwa inaongoza 3 kwa 1. Utamu wa ubishi huu ni kwamba Steve Kerr anahitajika pande zote mbili. Alikuwa mrushaji wa Chicago ile na kocha wa Golden State hii. Muuza kahawa wetu aliamua Kerr acheze nusu ya kwanza kisha avae suti.

Mimi niliwaambia hivi. Mkicheza kwa sheria za 1996, ulinzi wa eneo hauruhusiwi. Kila mtu ana mtu wake na lazima amfuate. Draymond Green wa Golden State hawezi kumwacha mtu wake akajikunyata chini ya goli kumsubiri Jordan. Ron Harper na Scottie Pippen wanaweka mkono kwenye nyonga ya Stephen Curry kila anapogeuka, na filimbi haililii mkono kama ilivyokuja kulilia kuanzia msimu wa 2004-05. Chicago inashinda, na Curry analala na barafu. Mkicheza kwa sheria za 2016, Dennis Rodman wa Chicago anageuka mzigo. Hafungi kutoka mbali, kwa hiyo mlinzi wake anamwacha na kuziba njia ya Jordan, na ulinzi wa eneo uliruhusiwa tangu 2001. Upande wa pili wa uwanja Luc Longley wa Chicago, jitu la watu, inabidi atoke kumfuata mrushaji mita saba kutoka kwenye goli, na Curry peke yake msimu ule alifunga pointi tatu mara 402. Golden State inashinda. Kisha nikawaongezea kitu kilichowanyamazisha: msimu ule wa Chicago mstari wenyewe wa pointi tatu haukuwa huu. NBA iliusogeza karibu kwa misimu mitatu, kuanzia 1994, ukawa futi 22 kila upande badala ya futi 23 na inchi 9 pale katikati. Kwa hiyo hata kamba ya kuchorea hatuna moja. Muuza kahawa alikasirika akasema basi timu zote mbili ziende kwa Coastal.

Na kwa kuwa tuko Tanzania, wacha niseme la Hasheem Thabeet, ambaye mwandishi wenu alimtupia kijembe kwamba hawezi kuingia kwenye orodha yoyote. Mwaka 2009 mtoto huyu wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa na Memphis Grizzlies, wa pili kati ya vijana wapya waliochukuliwa na timu za NBA mwaka huo. James Harden alikuwa wa tatu. Curry wa saba. Watu wanacheka. Mimi sicheki, nahesabu miaka. Mutombo, aliyeishi kwa kusimama chini ya goli na kumtikisia kidole kila anayejaribu kupita, alicheza mchezo wake wa mwisho Aprili 2009. Thabeet alichaguliwa Juni 2009. Alifika sokoni na mkokoteni wa mihogo siku ambayo mji mzima umeamua kula wali. Misimu aliyocheza, hadi 2014, ndiyo iliyokuwa ya kuwavuta masenta nje na kuwakimbiza kwenye mstari wa pointi tatu, wamlinde mtu kama Curry wakiwa na miguu ya mita moja na zaidi. Sisemi angekuwa Mutombo. Mutombo alikuwa na ukali ambao hauji na urefu, akachaguliwa mara nne mlinzi bora. Lakini kama ni michezo ya kufikirika, mfikirieni Thabeet aliyezaliwa 1950 badala ya 1987, chumba kimejaa, hakuna mstari wa mbali, kazi yake ni kunyoosha mkono. Hapo nipeni matokeo.

Sisi huku tuliwahi kuujaribu huu mchezo wa zama kwa vitendo. Siku ya pili ya Idd, mwaka juzi, wakongwe wa mjini tulicheza na vijana wa sekondari na vyuo. Wengi wetu tulikuwa tumeshavuka miaka 55, kwa hiyo tuliweka masharti. Robo ya kwanza kwa sheria zetu: hakuna pointi tatu, sekunde 30 za kushambulia badala ya 24, na chumba kile cha zamani cha FIBA, chembamba juu na kipana chini, mita 6 kwenye mstari wa mwisho, ambacho vijana hawajawahi kukiona kwa sababu kilifutwa 2010. Nilikichora mwenyewe kwa chaki. Robo ya pili kwa sheria zao.

Robo ya kwanza tulishinda 11 kwa 8. Mrefu wao alipigiwa sekunde tatu mara nne, kwa kuwa alidhani yuko nje kumbe chumba kimepanuka chini ya miguu yake. Kijana mwingine, fundi haswa, alirusha kutoka mbali, ikaingia bila kugusa chuma, akaigeukia meza na kunionyesha vidole vitatu. Nikamwonyesha viwili. Akatazama refa, refa akamwonyesha viwili. Uso alioufanya niliujua. Ni ule ule wa mtu wangu wa bandarini, ila yeye hakujua kwamba anadhulumiwa.

Robo ya pili walitufunga 27 kwa 5. Ya tatu haikuchezwa. Mwenzetu mmoja alivuta msuli wa paja, na pilau lilikuwa limefika.

Sasa vijana wanataka marudiano Idd ijayo, robo zote nne, mbili za zamani na mbili za sasa, na wanadai mimi wa meza nawapendelea wazee. Hawakukosea sana. Kwa hiyo naomba mwandishi wenu aje Tanga ashike meza yeye, asiye na upande. Nitampa kiti changu, nitamwonyesha sanduku, na kahawa nitalipa. Stopuwachi ipo, kioo chake kina ufa kuanzia sekunde ya arobaini, lakini inatembea. Penseli aje na yake.

Mtu wa Meza (mstaafu),
Ngamiani, Tanga